Namba Imekuja Lakini Si Kweli: Kutafuta Kosa kwenye Vipimo vya Damu vya Nje ya Maabara

Maabarani, damu hupita mbele ya macho kabla haijapimwa. Mtaalamu huitazama chupa akaona kama imeganda. Akishaizungusha kwenye mashine ya kutenganishia, huona kama plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, iliyobaki juu ni ya manjano au imegeuka nyekundu kwa sababu seli zimepasuka. Sampuli mbovu hukataliwa hapo hapo. Kimashine cha mkononi hakina nafasi hiyo. Kinapokea tone la damu nzima, kinahesabu sekunde zake, kinaandika namba, na namba iliyotoka kwenye tone bovu husomeka kwenye kioo sawasawa na ile ya kweli.

Kwa hiyo mwongozo huu haufuati misimbo ya hitilafu. Misimbo imo kwenye kijitabu cha mashine na kila mtengenezaji ana yake. Hapa tunafuata yale ambayo mpimaji mwenyewe huyaona: majibu mawili yasiyofanana, namba isiyoendana na hali ya mgonjwa, mstari hafifu, mashine iliyogoma. Mpangilio wa kushuku uwe huu siku zote: kwanza kidole na tone lake, pili kile kinachopokea damu (stripu ya sukari, katriji ya kuingizwa kwenye kichanganuzi, kuveti ya kupimia wingi wa damu au kaseti ya kipimo cha haraka), tatu joto na unyevu wa mahali ulipo, mwisho kabisa mashine. Wapimaji wengi niliowafundisha huanza kinyume. Wanazima na kuwasha, wanabadilisha betri, ilhali kosa lilishafanyika dakika mbili nyuma kwenye ncha ya kidole.

## Umepima mara mbili, majibu hayafanani

Kabla ya kutafuta kosa, jiulize kama lipo. Kiwango cha kimataifa cha mashine za sukari, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara pale sukari inapofika 5.55 mmol/L au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83 mmol/L. Maana yake ni kwamba mtu mwenye sukari ya 10 kamili anaweza kusomeka 8.6 kisha 11.3, na mashine bado ikawa nzima. Ukibadilisha dozi ya mtu kwa sababu ya tofauti ya namna hiyo, unaitibu mashine, humtibu mtu.

Tone lenyewe nalo hubadilika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipima matone yaliyofuatana kutoka kidole kimoja na kukuta wingi wa damu (hemoglobini) unapishana tone hadi tone. Ili kufikia uthabiti wa damu ya mshipa, iliwabidi wachukue wastani wa matone sita hadi tisa. Damu ya kidole hutoka kwenye mishipa midogo sana, ikichanganyika na majimaji yaliyo kati ya seli za mwili, na mchanganyiko huo haulingani kila sekunde.

Kama tofauti ni kubwa kuliko hiyo, rudi kwenye kidole. Tazama jinsi mpimaji anavyochukua damu, na umtazame bila kumwambia kwanza unachotafuta. Mara nyingi utaona hivi: mkono wa mtu ni wa baridi, lanseti, kile kisindano cha kutobolea, imegusa juu juu, tone limetoka dogo kama kichwa cha pini, mpimaji akalikamua. Kukamua ndiko kunakoleta majimaji ya mwilini ndani ya tone, na kunapasua seli. Dawa yake iko kabla ya kutoboa. Mkono unawe kwa maji ya uvuguvugu, uning'inizwe chini kidogo, usuguliwe kutoka kiganjani kuelekea kidoleni. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, si katikati ambapo mishipa ya fahamu ni mingi na maumivu makali. Toboa mara moja kwa kina cha kutosha. Tobo moja la kina sahihi humuumiza mtu kidogo kuliko matobo matatu ya woga. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu, isipokuwa kijitabu cha kipimo chako kinasema tone la kwanza ndilo litumike, kama ilivyo kwa baadhi ya vipimo vya kuganda kwa damu.

Kwa mtoto mchanga damu huchukuliwa pembeni mwa kisigino, na lanseti isizidi milimita 2, kwa sababu mfupa uko karibu. Kidole cha mtoto wa umri huo kisiguswe.

## Sukari inasoma juu, mtu hana dalili yoyote

Sababu inayoongoza ni mikono. Mtu aliyemenya tunda dakika kumi zilizopita ana sukari ya tunda hilo kwenye ngozi, na tone la damu likitua juu yake hubeba sukari hiyo hadi kwenye stripu. Kufuta kwa spiriti mara nyingi hakuiondoi yote. Maji na sabuni huiondoa. Mnawishe, mkaushe, pima kidole kingine. Ikiwa jibu la pili limeshuka mno, umeshalipata jibu na hakuna haja ya kuendelea kutafuta.

Mikono ikiwa safi, fikiria wingi wa damu. Stripu ya sukari hukadiria plazima huku ikipokea damu nzima, kwa hiyo seli nyekundu zikiwa chache kuliko kawaida, sukari husomeka juu kuliko ilivyo. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonekana ana sukari salama kumbe imeshuka. Mashine mpya nyingi hurekebisha athari hii, ila ndani ya mipaka iliyochapishwa kwenye kijitabu chake. Nje ya mipaka hiyo usiiamini.

Vitamini C kwa dozi kubwa, hasa ya kuchomwa mshipani, hudanganya stripu nyingi kwa sababu huachia elektroni kama sukari inavyofanya, na mashine haijui zimetoka wapi. Muulize mtu au soma cheti chake.

Sababu inayofuata ni adimu lakini imeua. Zipo stripu zilizotengenezwa kwa kimeng'enya kiitwacho GDH-PQQ, ambacho hakitofautishi glukosi na maltosi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kupitia tumboni kwa myeyusho wa ikodekstrini huwa na maltosi mwilini, na stripu hizo huihesabu kama sukari yake. Anaonekana ana sukari ya juu, anapewa insulini, anazama. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za vifo 13 vilivyohusishwa na stripu za aina hiyo. Kabla ya kumpima mgonjwa wa namna hiyo, soma kwenye boksi stripu yako ina kimeng'enya gani. Ikiwa ni hicho, usimpimie.

Halafu kuna kosa la vizio, ambalo hutokea mashine inapobadilishwa au kuazimwa. Namba 90 kwa mg/dL ni 5.0 kwa mmol/L. Kizidishio ni 18. Aliyezoea kizio kimoja akiona namba ya kingine huweza kutetemeka bure, au akatulia pasipofaa kutulia. Soma kizio pamoja na namba, kila mara, na uandike vyote viwili.

## Sukari inasoma chini kuliko inavyotarajiwa

Mtu anayetoka jasho, anatetemeka au amechanganyikiwa, asisubirishwe utafutaji wa kosa. Atibiwe kama mwenye sukari iliyoshuka, kisha mengine yafuate.

Kama hana dalili, angalia spiriti. Kidole kilichofutwa na kutobolewa kikiwa bado kimelowa hutoa tone lililochanganyika na spiriti, na spiriti hulizimua na kupasua seli. Sekunde thelathini za kuacha kikauke chenyewe zinatosha. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani unarudisha vijidudu mahali ulipopasafisha.

Damu nzito huvuta jibu chini, kinyume cha ile tuliyoiona juu. Watoto wachanga huwa na seli nyekundu nyingi kwa maumbile, na mtu aliyeishiwa maji naye damu yake imekolea. Halafu yupo mgonjwa aliye kwenye mshtuko, mikono baridi, shinikizo limeshuka. Damu haifiki vidoleni vya kutosha, na ile iliyotuama huko imeshaliwa sukari na seli zinazoizunguka. Kwa huyu, kidole hakisemi habari za mwili mzima hata ukitoboa kwa ustadi gani. Chukua damu ya mshipa.

Tone dogo nalo huleta jibu la chini kwenye baadhi ya stripu. Nyingi za sasa hukataa tone lisilojaa, lakini usiongeze damu ya pili juu ya stripu iliyokwisha kuanza kusoma isipokuwa kijitabu chako kinaruhusu. Tupa, anza upya.

## Maabara inasema hivi, kimashine kinasema vile

Hapa ndipo vimashine vingi vizuri vinapohukumiwa bila kosa. Mtu anapimwa kituoni, 8.4. Damu ya mshipa inachukuliwa, inawekwa kwenye chupa, inasafiri saa tatu, maabara inajibu 6.9. Wote wanakubaliana kuwa kimashine kimeharibika, kwa kuwa maabara ni maabara.

Kumbe seli za damu zilizomo ndani ya chupa bado ziko hai na zinaendelea kula sukari. Damu isiyotenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa ikikaa kwenye joto la kawaida. Ukipiga hesabu ya saa tatu, ile 8.4 inateremka kuelekea 6.9 bila mashine yoyote kukosea. Chupa yenye floraidi husaidia, ila floraidi haizuii papo hapo. Sukari huendelea kushuka kwa saa moja hadi mbili za mwanzo.

Pili, kuna chakula. Baada ya kula, damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa, kwa sababu iko upande wa kupeleka sukari kwenye misuli na ile ya mshipa inarudi ikiwa imeshatumika. Mtu asipokula, tofauti hiyo ni ndogo. Tatu, plazima ina sukari takriban asilimia 11 zaidi ya damu nzima. Mashine karibu zote za leo hubadilisha jibu liwe la plazima, lakini ukikutana na mashine ya zamani inayotoa jibu la damu nzima, tofauti hiyo itakuwa ya kudumu na ya upande mmoja.

Ulinganisho wa haki ni huu: mtu hajala kwa saa nane, kidole na mshipa vinachukuliwa ndani ya dakika chache, chupa inatenganishwa ndani ya nusu saa au inawekwa kwenye barafu. Ukipata tofauti kubwa hapo, na zaidi kwa watu kadhaa na kwa upande ule ule, hapo una kesi dhidi ya kimashine.

## Potasiamu imeruka bila sababu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kosa hili nimelishuhudia na sijaacha kulizungumzia kila ninapofundisha.

Mzee alikuja na uchovu tu. Kituo kilikuwa na kichanganuzi cha mkononi, cha kutumia katriji. Muuguzi alitoboa kidole, damu ikawa haitoki. Alikamua kwa vidole viwili vyeupe vya nguvu, akajaza kitubu kidogo, akakimwaga kwenye katriji. Baada ya dakika mbili kioo kikaandika potasiamu 6.8 mmol/L. Kawaida ya mtu mzima ni kama 3.5 hadi 5.0. Kwa namba ile moyo unaweza kusimama, na watu walianza kukimbia. Aliyetuokoa ni daktari mmoja aliyeuliza swali moja: damu imetoka wapi? Wakati mipigo ya moyo inachorwa, na mchoro ukaonekana wa kawaida, nilichukua damu ya mshipa wa mkono, bila kufunga kamba kwa muda mrefu. Jibu likawa 4.3.

Ndani ya seli nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyoko nje yake. Seli chache zikipasuka kwa kukamuliwa, potasiamu yake humwagika kwenye plazima na kupandisha namba. Maabarani, plazima nyekundu ingemwonya mtaalamu. Vichanganuzi vingi vya mkononi hupima damu nzima bila kuizungusha, kwa hiyo onyo hilo halipo, na hakuna msimbo wowote utakaowaka.

Kukamua si njia pekee. Kamba iliyokaza mkono muda mrefu huku mtu akifumba na kufumbua ngumi hupandisha potasiamu. Kusukuma damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hupasua seli. Chupa ya EDTA nayo ina potasiamu ndani ya dawa yake ya kuzuia kuganda. Damu iliyoanzia humo ikahamishiwa kwenye katriji hutoa potasiamu ya juu pamoja na kalsiamu ya chini mno. Ukiona viwili hivyo kwa pamoja, uliza chupa ilikuwa ya rangi gani.

Namba ya juu isipuuzwe kwa kudhania tu kuwa seli zimepasuka. Mchoro wa moyo na damu mpya ya mshipa vifanyike wakati ule ule. Iwapo mchoro umebadilika, matibabu hayasubiri katriji ya pili.

## Wingi wa damu haukai mahali pamoja

Mama mjamzito anasomeka 11.4 g/dL leo na 9.8 kesho. Kwenye mashine za kuveti, mshukiwa wa kwanza ni kiputo cha hewa. Mwanga unapita katikati ya kuveti, na kiputo kikiwa kwenye njia yake jibu linakwenda kombo. Inyanyue kuveti mbele ya mwanga uitazame kabla ya kuiingiza. Kiputo kidogo pembeni kabisa hakidhuru, cha katikati kinadhuru. Kuveti ijae kwa mguso mmoja, bila kuongezewa. Damu iliyobaki nje ifutwe taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na kitambaa kisiguse mdomo wa kuveti, kwani kitanyonya damu ya ndani.

Kuveti zenye dawa ndani huharibiwa na unyevu. Kifuniko cha kopo kikiachwa wazi asubuhi nzima ya kliniki, za mwisho hazitasoma sawa na za mwanzo. Andika tarehe ya kufungua juu ya kopo lenyewe.

Kama kuveti ni nzuri, rudi kwenye kukamua, ambako huzimua damu kwa majimaji ya mwilini na kushusha namba. Vizio navyo viangaliwe hapa: 11.0 g/dL ni 110 g/L na ni karibu 6.8 mmol/L, na mashine nyingine huhama kutoka kizio kimoja hadi kingine kwa kubofya kitufe tu.

## Kaseti: mistari inayochanganya

Hakuna mstari wa C (wa kontroli). Kipimo hakifai, hata kama T, mstari wa jibu lenyewe, imetokea wazi. Sababu za kawaida ni bafa (majimaji ya kudondoshea yanayokuja na kaseti) pungufu, kaseti iliyofunguliwa mapema ikaingia unyevu, au iliyoungua kwa joto kwenye usafirishaji. Tazama kifuko cha kufyonza unyevu kilichomo ndani ya pakiti. Kikiwa cha kubadilika rangi na kimebadilika, itupe kaseti hata kama tarehe yake haijafika.

Mstari wa T ni hafifu sana. Ni jibu chanya, mradi umetokea ndani ya muda wa kusoma na C ipo. Nimeona mara nyingi mpimaji anaigeuza kaseti huku na huku dirishani hadi anajiridhisha kuwa mstari haupo. Ukihitaji kuutafuta namna hiyo, mwite mwenzako asome bila kumwambia ulichoona.

Mstari umetokea baada ya muda. Usihesabiwe. Kaseti inapokauka huweza kuchora mstari ambao hausemi chochote kuhusu damu. Muda wa kusoma hutofautiana kati ya kipimo na kipimo, kwa hiyo tumia saa, na usikariri dakika za kipimo cha zamani.

Dirisha limebaki jekundu. Damu ilikuwa nyingi au bafa kidogo. Kama muda umekwisha na rangi inaficha mistari, rudia kwa kaseti mpya.

Bafa imekwisha kabla ya kaseti. Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote: usiweke maji, usiweke saline (maji ya chumvi ya hospitali), usiazime bafa ya boksi lingine. Bafa ndiyo inayozuia vitu visivyohusika kushikana kwenye mstari, na mbadala wake umeshaonekana kuleta T ya uongo kwenye damu isiyo na malaria.

Mstari wa C wenyewe unaeleweka vibaya. Kwenye kaseti nyingi unathibitisha tu kuwa majimaji yamesafiri hadi mwisho na kemikali zinafanya kazi. Hauthibitishi kuwa uliweka damu. Kaseti yenye bafa peke yake inaweza kuonyesha C safi na jibu hasi la kupendeza.

Malaria ina mitego yake. Vipimo vingi vya haraka hutafuta HRP2, protini ya vimelea, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa majuzi akapimwa tena atakuwa chanya bila dawa kushindwa. Huyo apimwe kwa hadubini. Kinyume chake, vipo vimelea vya *falciparum* vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Viliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na Eritrea ilikutana navyo kwa kiwango kilichoifanya ibadilishe aina ya kipimo. Kwa hiyo jibu hasi kwa mtu mwenye dalili kamili lisifunge jalada. Peleka slaidi kwenye hadubini, au tumia kipimo kinachotafuta pLDH, protini nyingine ya vimelea.

Kwa kaseti ya VVU, jibu hasi la mtu aliyeambukizwa wiki hizi hizi linaweza kuwa la uongo kwa sababu mwili haujatengeneza kinga za kutosha. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye kaseti. Mpangie tarehe ya kurudi.

## INR inayoyumba

INR ni namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tone lifike kwenye stripu ndani ya sekunde 15 hivi tangu kutoboa, kwa sababu kuganda huanza mara ngozi inapokatwa. Kukamua huleta kichochezi cha kuganda kutoka kwenye nyama na kubadilisha jibu. Mashine nyingi hufanya kazi pale hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ikiwa kati ya asilimia 25 na 55 tu. Mwenye kingamwili za fosfolipidi anaweza kupata namba za juu zisizo za kweli kwenye kimashine, na ni bora afuatiliwe kwa damu ya mshipa tangu mwanzo. Namba ya juu mno isiyolingana na historia yake ithibitishwe maabara kabla ya kugusa dozi, isipokuwa anatoka damu.

## Mashine imegoma

Hili ndilo tatizo jepesi, kwa kuwa mashine iliyogoma haijamdanganya mtu.

Angalia kipimajoto. Vichanganuzi vingi vya katriji hufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30 tu, ilhali mashine za sukari huvumilia zaidi, nyingi kuanzia 10 hadi 40. Iliyotoka kwenye gari lililofungwa juani ikae kivulini nusu saa. Usiiweke kwenye jokofu ili ipoe, kwani itatoa jasho ndani. Katriji iliyotoka jokofuni ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa, na ikishatoka isirudishwe. Andika juu yake tarehe mpya ya mwisho, kwani zipo zinazodumu siku 14 tu nje ya baridi.

Kama inakataa stripu au katriji mpya kwa kusema zimepitwa na wakati, tazama saa na tarehe ya mashine. Betri ikikatika kabisa, tarehe huweza kupotea. Mashine iliyoruka mbele hukataa vifaa vizima. Iliyorudi nyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu itapokea vilivyokwisha muda bila neno. Angalia pia kama siku na mwezi havijabadilishana nafasi.

Mashine ya kusoma kwa mwanga ikikataa kuanza, mara nyingi kuna damu iliyokauka kwenye kishikilia kuveti. Kitoe, kisafishe kama kijitabu kinavyoelekeza, kikauke kabisa kabla ya kurudisha. Na kwa mashine za sukari zinazotumia msimbo, linganisha namba ya kwenye kopo na ya kwenye kioo kila unapofungua kopo jipya.

## Kontroli imefeli, au imepita na bado una shaka

Kontroli, yaani sampuli ambayo thamani yake inajulikana, ikiwekewa mipaka ya mikengeuko sanifu miwili juu na chini ya wastani, kwa bahati tu itatoka nje karibu mara moja katika kila 20. Kwa hiyo ikitoka mara moja, tikisa chupa taratibu, hakikisha haijapita muda wake tangu kufunguliwa, rudia kwa stripu mpya. Ikitoka mara ya pili, acha kupima watu. Usirudie mara ya tatu na ya nne ukisubiri ipite, kisha ukaandika hiyo iliyopita.

Ichore kila siku kwenye grafu. Nukta sita au saba mfululizo upande mmoja wa wastani, hata zikiwa zote ndani ya mipaka, zinasema stripu zinazeeka au mashine inahama.

Kontroli iliyopita inathibitisha mashine na stripu. Haijui chochote kuhusu kidole, kamba, spiriti wala chupa ya EDTA.

Jambo moja halitaonekana kwenye kioo chochote: kifaa cha kutobolea chenye kutumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Homa ya ini aina ya B imeshasambaa kwa njia hiyo, hata pale sindano zilipobadilishwa, kwa sababu damu hubaki kwenye kishikio. Kwa watu wengi tumia lanseti za mara moja zinazojifunga zenyewe, na futa mashine kwa dawa kati ya mtu na mtu.

Na kwenye rejista, ongeza safu moja pembeni ya jibu: namba ya loti ya stripu, kaseti au katriji. Siku kontroli ikifeli, utarudi nyuma hadi kontroli ya mwisho iliyopita, utasoma majina yote yaliyopimwa kwa loti ile, na utajua ni nani wa kuwaita warudi wapimwe upya.